Sahani ya Bi Mize

Sahani ni ya bati, nyeupe, imebanduka ukingoni.
Bi Mize kaitoboa matundu matatu kwa msumari,
kaifunga kamba ya usumba, fundo kila shibiri,
na kila Jumatatu, jua halijapita minazi ya Ziwani,
huizamisha bwawani taratibu
huku midomo ikihesabu kama mtu wa uradi.
Inapopotea machoni, hapo husimama.
Andika: mafundo matano. Upepo hakuna.
Mawingu yamebaki Pujini.

Mimi nilikuwa mshika daftari.
Nilidhani tunapima kina.
"Kina hakibadiliki, mwanangu. Tunapima shibe."

Kipupwe, kusi likishuka bondeni usiku,
maji ya juu hupoa, huzama; ya chini hupanda.
Hupishana kama wageni kwenye ngazi nyembamba.
Kilichooza topeni, majani ya mgomba,
samadi ya ng'ombe wa Hamad Faki,
hurudi juu kuwa chakula.
Ndipo huja ukijani mwepesi, rangi ya mchicha mchanga,
na perege wakanona mgongo.
Sokoni Chake walituuliza, mnawalisha nini?
"Upepo," akajibu Bi Mize, akazihesabu pesa zake.

Mwaka ule mchoo haukunyesha.
Joto likalala juu ya bwawa kama kawa juu ya sinia.
Juu vuguvugu, chini baridi,
baina yao hapana hata salamu.
Ukijani ukawa mzito, rangi ya kisamvu kilicholala.
Fundo moja. Sahani ilipotea
mkono wangu haujalowa.
Watu wakasema, bwawa limenawiri!
Bi Mize alivuta maji ya chini kwa chupa,
akanusa, akanipa ninuse.
Yai viza.

Kimya kingi kina mshindo.
Usiku mmoja ikaja mvua ya baridi na upepo wake,
bwawa likajigeuza lote, mara moja,
kama mgonjwa wa homa kitandani.
Alfajiri perege walikuwa matumbo juu,
sahani mia zisizozama.
Hamad Faki akasema uchawi. Mwengine akasema sumu.
Daftarini: Chini hapakuwa na pumzi. Juu pakagawana. Hazikutosha.
Na pambizoni, kwa penseli, mwandiko wake ule wa kulala:

   Mvua nakungojea, njoo lakini kidogo,
   Upepo ukitokea, koroga, si kwa magogo,
   Jua nalo likilea, lisije lete mikogo,
   Bwawa ni tumbo la mtu, halishibi kwa mzigo.

Halafu maji yakaangaza.
Wiki baada ya wiki kamba ikashuka,
mafundo saba, manane, tisa,
hadi sahani ikakaa juu ya tope
nami naiona mpaka pale ilipobanduka.
Watoto wa chuoni wakaja kuogelea.
"Mazuri," nikasema.
"Yana njaa," akasema Bi Mize.
Akachota kwa kiganja, akanionesha
vidudu kama chembe za chumvi, vinarukaruka.
Hivi sasa havina wa kuvila,
vimekula ukijani wote, hadi mbegu.
Usafi wa chungu kilicholambwa.

Daftari sasa liko kwangu.
Macho ya Bi Mize yameingia mtoto;
kwake kila sahani hupotea fundo la kwanza,
kwa hiyo hukaa ukingoni, miguu majini, akasikiliza.
Jumatatu hii: kusi, dogo.
Manyunyu tangu juzi.
Vifaranga vya perege, ndoo mbili, kutoka kwa mtoto wa Hamad,
ambaye habari za uchawi hazitaji tena.
Nikashusha kamba. Moja. Mbili. Nne.
Fundo la tano sahani ikafifia kama mwezi wa mchana.
La sita, sikuiona.
"Imepotea," nikamwambia.
Akanyamaza, akatikisa maji kwa kidole cha mguu.
"Imepotea vizuri?"